Jiwe Lisilosomeka

6 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo, na nyingine umpelekee bibi huko chumbani kwake. Mwambie mjukuu wake hajafa njaa, kinyume chake suruali zimeanza kunibana. Magoti yake vipi? Anakubali kuchuliwa au bado anakufukuza na fimbo? Mimi mzima. Chumba nilichopanga kina dirisha moja tu, nalo linatazama ukuta wa jirani, kwa hiyo nikitaka kujua kama mvua inanyesha inabidi niulize.

Sasa kaa kitako. Nimepata kazi ya kuandika Kiingereza.

Usicheke, Shangazi. Nakusikia mpaka huku. Ndiyo, ni mimi yule yule niliyeiaga shule kidato cha pili bila kumuaga mwalimu. Hii ni karakana ya mawe ya makaburi. Mzee Patasi ndiye anayechonga, na Msasa anang'arisha kwa mchanga na maji mpaka jiwe linakuonyesha meno yako. Watu wa huku wakifiwa wanataka Kiingereza kwenye jiwe, hata kama marehemu alijua "yes" peke yake. Mzee Patasi aliuliza nani anakijua, nikainua mkono kabla hajamaliza kuuliza.

Wana utaratibu wao hapa. Natunga maneno, nayaandika kwa chaki juu ya jiwe, halafu mteja anasimama mbele yake na kusoma kwa sauti. Mzee Patasi hajui Kiingereza hata cha kuombea maji, lakini anasikiliza pumzi ya mteja. Akisoma vizuri mpaka mwisho, pale pale Mzee anapiga patasi ya kwanza, na hapo hakuna kurudi nyuma. Mteja akikwama, anarudia tangu mwanzo. Akikwama mara tatu, jiwe linatupwa uani na halichongwi tena milele. Mawili yangu yako uani tayari. Mzee ananiambia, "Kasuku, nukta ni mahali pa mtu kumeza mate. Wewe unawanyima watu mate."

Wewe umefundisha Kiingereza mpaka ukastaafu. Nimebana sentensi zangu kwenye karatasi ya nyuma. Nisahihishie, nikuletee sifa ukoo mzima.

Wako mtaalamu,
Kasuku


25 Februari

Kwako Kasuku,

Marahaba. Bibi yako amezipokea salamu na kuzirudisha, na anauliza kama huko unaoga. Magoti yake yanamsumbua asubuhi, mchana yanasahau. Mdogo wako amepanda darasa. Anasoma bila kusukumwa, jambo ambalo kwa ukoo wetu ni ajabu.

Nimezisoma sentensi zako. Ya kwanza ina watu watatu na haijulikani aliyefariki ni yupi. Ya pili inaanza kumlilia mama na kuishia kusifu hospitali. Nimezikata. Sikiliza vizuri: sentensi moja ibebe jambo moja. Mtaje mtu mwanzoni, useme alifanya nini, kisha unyamaze. Weka nukta. Mkato hauwekwi kwa sababu mkono umechoka, unawekwa pale ambapo msomaji angejikwaa bila huo mkato. Ukimaliza, soma kwa sauti. Ukiona haya kuisoma, ifute.

Kazi yako si ya mzaha. Watu watasimama mbele ya maneno hayo wakilia.

Nakuombea heri,
Shangazi yako


14 Machi

Shangazi,

Shikamoo mara nyingi. Mwambie bibi naoga, na aache kunichafulia jina. Na huyo mdogo wangu mwambie akili kaiazima kwangu, airudishe ikiwa safi.

Shangazi, Kiingereza sasa kinanipisha njiani! Mawe yote ya mwezi huu yamesomwa bila mtu kukwama. Msasa amenibandika cheo cha Profesa. Nimemwambia bado, anisubiri nivae miwani.

Hata mteja wangu wa kudumu ninaye. Tunamwita Mama Koti, kwa sababu halivui koti lake la mvua hata jua likichoma. Na cha kuchekesha, koti lenyewe limelowa mabegani kila siku, kama mtu aliyetoka kwenye manyunyu sasa hivi. Nilimwuliza huko kwao kunanyesha? Akasema, "Kidogo." Haketi, hanywi maji, habishanii bei. Anasema kusoma anajua ila kuandika hakujaliwa, ndiyo maana ananihitaji mimi. Ananipa habari za mtu kwa Kiswahili, mimi naziweka katika Kiingereza.

Jiwe lake la kwanza lilikuwa la fundi viatu wa kona ile ninayopita kwenda kazini. Aliposoma lile jiwe, Shangazi, laiti ungemsikia! Kila nukta aliiheshimu. Nilifuata sheria yako: mtu mmoja, jambo moja, nyamaza. Mzee Patasi akapiga patasi.

Kitu kimoja tu. Asubuhi ile ile nilikuwa nimempita fundi viatu anashona soli na kupiga mluzi. Nikadhani ni fundi viatu mwingine. Wiki iliyofuata kona ikawa tupu, limebaki sanduku lake la misumari. Nikamwuliza Mama Koti, mlijuaje mapema? Akasema wengine wanapenda kuwahi. Kweli, watu na maandalizi yao! Mimi hata shati la kesho silijui.

Karatasi iko nyuma. Sahihisha, ingawa sijui utasahihisha nini.

Profesa Kasuku


2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Huku tuko salama. Paa la jikoni lilivuja, fundi amekuja amelitazama, ameondoka. Bibi anakula.

Sentensi zako ni safi. Nimetafuta kosa sikuliona, na tangu nianze kushika kalamu nyekundu haijawahi kunitokea nikasononeka kwa kukosa kosa.

Koti hilo lina rangi gani? Maji yakidondoka sakafuni, yanakauka? Nijibu hayo.

Na kwa mteja huyo usijitie haraka. Mpe Msasa amhudumie.

Shangazi yako


20 Aprili

Shangazi kipenzi,

Shikamoo. Pole na paa. Mwambie huyo fundi kutazama si kuziba. Bibi nimemnunulia dawa ya kuchua, inakuja na basi la mizigo.

Umeniuliza maswali kama askari! Koti ni la kijivu. Maji yake sijui kama yanakauka, ila Msasa analalamika kuwa pale anaposimama yule mama pamebaki doa, naye amepasugua na mchanga mpaka kachoka. Na kumhudumia hawezi Msasa, Kiingereza chake kinaishia kwenye lebo za sabuni. Isitoshe, Mama Koti ananitaka mimi. Alisema mbele ya wote, "Kijana huyu anaandika wazi." Shangazi, tangu nizaliwe nani amewahi kunisifu mbele za watu? Mzee Patasi mwenyewe alitikisa kichwa kukubali.

Jiwe la pili lilikuwa la tarishi wa ofisi ya ng'ambo ya barabara, yule wa baiskeli. Nalo lilisomwa kama maji. Huyo alikufa siku ya pili yake, ghafla tu, akiwa ameshika bahasha. Yaani alikuwa mzima wakati nakoleza chaki. Nikajisikia vibaya kidogo. Msasa sasa akimwona Mama Koti anaenda kunawa mikono nyuma na harudi mpaka ameondoka. Mimi si mwoga. Nadhani yule mama ni nesi.

Sasa kaleta la tatu, na hili ni tamu. Ni la kijana. Amesema niandike hivi: alikuwa mdogo kuliko wote kazini, aliwachekesha wenzake, alijibu kabla hajaulizwa, na alijua Kiingereza bila shule. Shangazi, simfahamu huyo kijana lakini kwa kweli tungeelewana! Nataka nimtungie maneno ambayo hata yeye mwenyewe angeyapenda. Nimejaribu, karatasi iko nyuma. Tutasubiri jiwe jeusi lifike kutoka machimboni, kwa hiyo una muda wa kunisahihishia. Hili nataka liwe jiwe bora la maisha yangu.

Wako,
Kasuku


30 Mei

Kasuku,

Salamu. Dawa ya bibi ilifika, anakushukuru. Mdogo wako alipata homa akapona. Paa bado. Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilikuwa nikiandika na kuchana.

Sentensi ya kijana nimeirekebisha. Karatasi iko nyuma. Iandike kwenye jiwe hivyo hivyo nilivyoiandika. Usiguse neno, usiguse alama. Usiniulize kwa nini.

Shangazi yako


12 Juni

Shangazi wangu wa zamani,

Shikamoo, na pole. Nakwambia pole kwa sababu nimeiona karatasi yako na nimecheka mpaka mwenye nyumba akagonga ukuta. Shangazi! Ni wewe kweli umeandika kitu kile? Hakina mwanzo hakina mwisho! Mikato imemwagwa kama mchele, nukta hakuna hata moja, mtu haelewi kama kijana amekufa au amehama. Nilimtafuta mwenye sentensi nikakuta ni farasi! Farasi ametokea wapi? Miwani imepotea? Au bibi ndiye aliyeandika, wewe ukaweka sahihi?

Lakini usijali. Ndiyo faida ya kufundisha vizuri, mwanafunzi anakuokoa uzeeni. Nimekaa mchana mzima nikakusafishia. Nimemtoa farasi. Nimeacha sentensi tatu fupi, kila moja na nukta yake. Nikiisoma kwa sauti peke yangu chumbani, inateleza. Mwishoni kabisa kifua kinanibana kidogo, kama mtu aliyeweka kiganja hapa katikati, nadhani ni vumbi la karakana.

Jiwe jeusi limefika. Msasa amelisugua mpaka unajiona ndani yake mzima mzima. Kusoma ni mwisho wa mwezi, Mama Koti amesema hana haraka na mtu huyu. Alipokuwa anaondoka aliniangalia akauliza, "Utakuwepo?" Nikamwambia jiwe langu bora, nikose?

Pumzika, Shangazi. Kula karoti, zinasaidia macho.

Mwalimu wako mpya,
Kasuku


18 Juni

Mwanangu,

Barua hii nimempa dereva wa basi la mizigo akuwekee mkononi. Sitaleta habari za nyumbani. Wazima wote.

Macho yangu hayana kitu. Jambo hili siwezi kulieleza kwa sentensi safi, maana nimeona sentensi safi zinafanya nini huko kwenu. Nitakuuliza tu. Swali halichongwi.

Pale karakana nani ni mdogo kuliko wote? Nani anawachekesha wenzake? Mzee Patasi alipotafuta mtu wa Kiingereza, nani aliinua mkono kabla swali halijaisha? Nani aliacha shule kidato cha pili? Jiwe jeusi uliponiandikia kwamba unajiona ndani yake mzima mzima, ulimwona nani?

Kwa nini mwalimu aliyekuchapa kwa kusahau nukta akuletee farasi?

Na mteja akikwama mara tatu, jiwe linakwenda wapi?

Najua unavyopenda kusifiwa. Hata baba yako alikuwa hivyo. Je, unaweza kukubali kuchekwa siku moja?

Shangazi


1 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Niko hai. Naanza na hilo kwa sababu ndilo unalolitafuta, mengine utayasoma ukiwa umekaa.

Barua yako dereva alinipa nikiwa mlangoni pa karakana, siku ile ile ya kusoma. Niliisoma nimesimama. Nilipofika kwenye swali la kuinua mkono, nilicheka. Nilipofika kwenye jiwe, nikaingia ndani kulitazama, na pale katikati ya maneno yangu ya chaki nilijiona mimi na shati langu hili la mistari, Shangazi, nimejaa kwenye jiwe kama picha kwenye fremu.

Nilitaka kukimbia. Nikawaza nikikimbia, maneno yatabaki pale yakiwa safi, na yeye atayasoma nikiwa popote. Nikachukua kitambaa chenye maji nikafuta. Msasa akaniuliza, "Profesa, umechanganyikiwa? Mteja yuko njiani!" Nikaanza kuandika upya. Nakwambia, kuandika vibaya makusudi ni kazi ngumu kuliko yote niliyowahi kufanya. Mkono ulikuwa unajiwekea nukta wenyewe, nazifuta kwa kidole. Nikamrudisha farasi wako. Nikamwongezea mke.

Mama Koti akaingia. Nje jua kali, yeye anachuruzika. Akasimama kwenye lile doa lake, Mzee Patasi akashika nyundo tayari, na yule mama akavuta pumzi.

Shangazi, alipovuta yeye, nilikosa mimi. Hewa yote ya mle ndani ilikwenda kwake. Alianza vizuri, maneno matano, sita, na kila neno lilikuwa linanitoka hapa kifuani kama mtu anayevuta uzi kwenye fulana. Kisha akafika kwa farasi. Akasita. Akakwama. Mimi nikapata hewa.

Akarudia. Safari hii alimruka farasi, akaenda mbali zaidi, masikio yangu yakaanza kuvuma, Msasa naona mdomo wake unacheza lakini simsikii. Alikuwa anatafuta mahali pa kumeza mate na sikuwa nimempa. Akakwama tena.

Mara ya tatu alisoma polepole, huku ananitazama mimi, si jiwe. Nilishika meza. Kuta zilianza kwenda mbali. Nikamsikia kwa mbali sana, neno, neno, neno, halafu akakohoa. Kikohozi kidogo tu. Mzee Patasi akashusha nyundo.

Akaniambia mbele ya wote, kwa upole kabisa, "Kumbe hujui."

Unanijua, Shangazi. Mtu akiniambia sijui, huwa simlazi na deni. Sentensi zote tatu nzuri za kijana yule nilikuwa nazo kichwani, nzima, na nukta zake. Zilikuja mpaka kwenye ulimi. Nikasema, "Ndiyo mama. Sijui. Nilikuwa nawadanganya."

Msasa akaangua kicheko. Mzee Patasi hakucheka, alisikitika, na hiyo ilinichoma zaidi. Ameniondoa kwenye uandishi. Sasa nabeba ndoo za mchanga. Jiwe liko uani, juu ya mengine mawili. Mvua zilifuta chaki ya mengine zamani, lakini ya hilo hata mvua ya Jumapili haikuifuta.

Lakini sijamaliza. Alipofika mlangoni, Mama Koti aligeuka akauliza, "Zile za mwanzo zilikuwa nzuri. Nani alikuwa anakusahihishia?"

Nikamwambia, "Hakuna mtu." Akasubiri. Nikamwambia tena, "Nilikuwa nabahatisha."

Akatazama mfuko wa shati langu, barua yako ilikuwa humo. Akaondoka.

Kwa hiyo Shangazi, usinitumie tena karatasi ya kalamu nyekundu. Na ukinijibu, nakuomba, kosea.

Mimi


julai tarehe sijui

kasuku mwanangu marahaba bibi yako hajambo na magoti yake na mdogo wako hajambo na paa limezibwa sasa linavuja upande wa pili nimefurahi umebeba ndoo beba tu mikono itakuwa minene utapata mchumba

juzi alikuja mtu mlangoni koti la kijivu limelowa huku kwetu hakujanyesha wiki mbili akaniamkia kwa adabu akasema amesikia hapa kuna mwalimu wa kingereza anayesahihisha vizuri sana nikamwambia hapana mama umepotea hapa kuna bikizee mgonjwa na mimi mjinga wake akatoa karatasi akaniomba nimwandikie sentensi moja tu ya mwanamke mmoja mstaafu nikachukua kalamu nikaandika nikaandika nikaandika mpaka karatasi ikaisha na bado yule mwanamke hajafanya kitu na farasi wamekuwa wanne

aliisoma akaanza tena akaanza tena nami kifua kinakwenda na kurudi kama ulivyosema halafu akaikunja akaiweka kwenye koti akasema atarudi mkono wangu utakapochoka kukosea nikamwambia karibu

pale aliposimama pana maji nimepiga deki mara nyingi nimeweka ndoo juu yake bibi asiteleze

sasa sikiliza mwanangu nimefundisha watoto wengi kunyamaza mwisho wa sentensi sitaki tena kunyamaza na wewe usinyamaze niandikie kila wiki niandikie ovyo changanya kila kitu usisome tena ulichoandika bandika tu stempu ulete na mimi nitakujibu hivi hivi na nikimaliza karatasi nitaendelea kwenye bahasha na bahasha ikijaa nitaendelea kwenye nyingine na bibi anasema unaoga na mimi nimemwambia anaoga na